Mwangwi Ndani ya Waya: Kwa Nini Ujumbe Hurudi Ulikotoka

Askari wa mawasiliano anapofunga redio ya masafa marefu mahali papya, hafanyi haraka ya kuita. Kwanza hutundika antena juu ya miti au nguzo, huunganisha kebo, kisha hutazama mita. Sindano ikipanda mno, hujua kwamba nguvu inayotoka redioni haifiki yote kwenye antena. Sehemu yake inagonga mahali fulani na kurudi nyuma. Akilipuuza onyo hilo na kuendelea kubonyeza kitufe cha kusemea, mambo mawili huweza kumpata. Kituo anachokiita hakitamsikia vyema, na transista za mwisho za redio yake zitapata joto hata kuungua.

Jambo hilo hilo hutokea ndani ya kompyuta ya ofisi ya zamu na nyuma ya televisheni ya nyumbani, ila huko hakuna sindano ya kuonya. Mtandao huwa mzito bila sababu inayoonekana. Ripoti iliyopaswa kufika saa mbili hufika saa nne. Lawama humwangukia karani aliyeketi mbele ya mashine, na huenda ikaagizwa mashine mpya kwa fedha nyingi. Mashine mpya hufika, na ugonjwa hubaki pale pale, kwa kuwa haukuwamo katika mashine. Ulikuwamo katika maungio.

Basi ni jambo la manufaa kwa askari, na kwa jamaa zake pia, kufahamu ni kitu gani hurudi ndani ya waya, na kwa nini.

KAMBA NYEMBAMBA NA KAMBA NENE

Mtoto akishika ncha ya kamba ndefu na kuitikisa mara moja, tuta dogo hukimbia juu ya kamba hiyo. Kamba ikiwa imefungwa ukutani, tuta hugonga ukuta na kurudi. Kamba nyembamba ikiungwa na kamba nene, sehemu ya tuta huendelea mbele na sehemu hurudi kwa mtoto. Lakini kamba mbili za aina moja zikiungwa vizuri, tuta hupita kwenye fundo kana kwamba fundo halipo.

Ishara ya umeme ndani ya kebo ni wimbi la namna hiyo. Kila kebo ina tabia yake ya kulipokea wimbi, nayo huitwa impidansi. Maana yake ni uwiano kati ya volti za wimbi linalosafiri na mkondo wa umeme unaofuatana nalo, na hupimwa kwa omu. Isichanganywe na ukinzani wa kawaida wa waya. Kebo ya omu 50 ikipimwa kwa mita ya fundi wa umeme, huku ncha yake ya pili ikiwa wazi, mita itaonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Aidha, impidansi haibadiliki kwa urefu: kipande cha mita moja na roli la mita mia moja vina omu zile zile. Kinachoiamua ni unene wa nyaya, nafasi iliyo kati yake, na aina ya plastiki inayozitenga.

Hesabu ya kinachorudi ni rahisi. Chukua tofauti ya impidansi mbili zinazokutana, uigawanye kwa jumla yake. Kebo ya omu 50 ikikutana na kebo ya omu 75, tofauti ni 25 na jumla ni 125. Basi sehemu moja ya tano ya volti hurudi. Kwa upande wa nguvu, hiyo ni tano mara tano, yaani sehemu moja ya ishirini na tano, au asilimia 4. Kebo ya omu 50 ikikutana na antena ya omu 150, nusu ya volti hurudi, na robo ya nguvu. Redio ya wati 100 itapeleka wati 75 tu antenani, na wati 25 zitarudi kuitafuta redio yenyewe.

MTU ALIYELIPA JAMBO HILI JINA

Aliyelitunga neno hilo alikuwa Oliver Heaviside, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1850 katika jamaa isiyo na mali. Alipougua utotoni, uwezo wake wa kusikia ulipungua. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akajifundisha mwenyewe, akafanya kazi ya kupeleka simu za maandishi huko Denmark na Uingereza. Mwaka 1874 aliiacha kazi hiyo, akajifungia nyumbani kwa wazazi wake kutafuta siri ya nyaya.

Siri hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Mwaka 1858 kebo ya kwanza ilipovuka bahari ya Atlantiki, salamu za malkia wa Uingereza kwa rais wa Marekani, zenye maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Wimbi lililoingia likiwa kali lilitoka upande wa pili limetandaa na kufifia. Baada ya majuma machache kebo hiyo ilikufa kabisa, baada ya kutiwa volti nyingi mno kwa kudhani kwamba nguvu ingelisukuma neno. Hata hivyo ulimwengu haukuacha kutandaza nyaya. Mwaka 1879 kebo kutoka Aden ilifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, na pwani ya Afrika Mashariki ikaungwa na dunia.

Heaviside alionyesha kwa hesabu kwamba kuongeza nguvu si dawa. Mwaka 1886 alitumia kwa mara ya kwanza neno impidansi. Katika maandishi yake alieleza pia kwamba ncha ya kebo ikifungwa kwa ukinzani unaolingana na impidansi ya kebo hiyo, wimbi litamezwa lote na hakuna kitakachorudi. Wakubwa wa posta ya Uingereza hawakuafikiana na mawazo yake kuhusu nyaya za simu, na mwaka 1887 maandishi yake yalizuiwa. Miaka baadaye nchi nyingine zilinufaika na elimu hiyo. Yeye alifariki mwaka 1925 katika mji wa Torquay, akiwa maskini. Lakini kila fundi anayefunga mtandao leo hutembea juu ya njia aliyoifyeka.

OMU 50, OMU 75 NA OMU 100

Wengi hushangaa kwa nini viwanda havikuchagua impidansi moja tu kwa kebo zote. Sababu ni kwamba kila kazi ina haja yake. Kebo ya duara, yenye waya mmoja katikati na wavu wa shaba ukiuzunguka, hubeba nguvu nyingi kabisa inapokuwa na omu 30 hivi, ikiwa kitenganishi chake ni hewa. Lakini kebo hiyo hiyo hupoteza nguvu kidogo kabisa inapokuwa na omu 77. Redio za jeshi na polisi, ambazo hupeleka na kupokea, zilichukua njia ya kati: omu 50. Televisheni, ambayo hupokea tu, ilichukua omu 75, kwa kuwa ishara inayotoka angani ni dhaifu na haifai kupotea njiani.

Kebo hizo mbili hufanana sana kwa macho, na hapo ndipo makosa huingia. Zote ni nyeusi au nyeupe, zote zina waya katikati. Namba iliyochapwa juu ya ganda la plastiki ndiyo inayozitofautisha, na asiyeisoma huunga chui na mbuzi katika zizi moja.

Mtandao wa kompyuta pia ulikuja kutumia kebo ya omu 50. Mwaka 1973, Robert Metcalfe na David Boggs, wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, walianza kuunda mtandao ulioitwa Ethernet. Kompyuta zote zilining'inia juu ya kebo moja, kama nguo juu ya kamba ya kuanikia. Baadaye ilitumika kebo nyembamba zaidi, ambayo kipande chake hakikuruhusiwa kuzidi mita 185. Katika kila ncha ya kebo hiyo palifungwa kizibo kidogo chenye ukinzani wa omu 50. Mtu aliyekuja kufagia akikifungua kizibo kimoja kwa bahati mbaya, ofisi nzima ilinyamaza. Mawimbi yalifika kwenye ncha iliyo wazi, yakarudi yote, yakagongana na yale yaliyokuwa yakija, na kila kompyuta ikadhani kwamba mwenzake anasema.

Kuanzia mwaka 1990, kwa kanuni mpya ya Ethernet, jozi za nyaya zilizosokotwa zilianza kuchukua mahali pa kebo hiyo. Kebo ya leo ina jozi nne, za rangi ya buluu, chungwa, kijani na kahawia, na kila jozi ina impidansi ya omu 100. Kusokotwa huko husaidia kuzuia kelele za umeme kutoka nje, na pia hushikilia nafasi sawa kati ya nyaya mbili. Nafasi hiyo ikibadilika, omu nazo hubadilika.

NJIA ILIYO NDANI YA SANDUKU

Safari ya ujumbe haianzii kwenye plagi ya ukutani. Huanzia ndani ya chipu, juu ya bodi ya saketi. Kutoka hapo hupita juu ya mistari miwili myembamba ya shaba, huingia katika transfoma ndogo, kisha hufika kwenye tundu la plagi na kutoka kwenda kwenye kebo. Mhandisi anayechora bodi hiyo ana wajibu mmoja mzito: kuhakikisha kwamba mistari ile miwili ina omu 100, sawasawa na kebo inayoingoja nje.

Kazi hiyo hufanywa kwa vipimo vidogo kuliko milimita. Mistari ya shaba hulala juu ya tabaka la fibaglasi, na chini yake kuna tabaka pana la shaba. Mistari ikipanuliwa, impidansi hushuka. Fibaglasi ikiwa nene zaidi, impidansi hupanda. Mistari ikisogezwa karibu karibu, impidansi ya jozi hushuka. Na tabaka pana la shaba likiwa na ufa chini ya mistari, hapo hapo pana fundo katika kamba. Kwa kawaida viwanda huahidi kutokosea zaidi ya asilimia 10 kwa kila upande. Kosa hilo ni dogo: omu 110 zikikutana na omu 100, chini ya asilimia 5 ya volti hurudi, na nguvu inayopotea haifiki hata sehemu moja ya mia.

Transfoma iliyo katikati ina kazi mbili. Huitenga kompyuta na umeme hatari unaoweza kuja na kebo, nayo pia huunganisha pande mbili bila kuvunja ulinganifu wa omu. Mabibi na mabwana waliokuwa na televisheni za zamani walikiona kifaa cha jamaa yake bila kukijua. Kilikuwa kile kidude kidogo kilichofungwa nyuma ya televisheni, upande mmoja utepe bapa wa omu 300 kutoka kwenye antena, upande wa pili kebo ya duara ya omu 75. Transfoma yenye mizunguko maradufu upande mmoja hubadili impidansi mara nne, na 300 ikigawanywa kwa nne ni 75. Asiyekifunga kidude hicho aliweza kuona picha hafifu, au kila mtu kwenye kioo akifuatwa na kivuli chake. Kivuli kama hicho kiliweza kutoka mlimani, lakini kiliweza pia kutoka katika waya: ulikuwa mwangwi, ukionekana kwa macho.

KASI NDIYO INAYOFICHUA KOSA

Fundi mzoefu ataweza kuuliza: mbona zamani nyaya ziliungwa ovyo na mambo yakaenda? Jibu limo katika kasi. Mwanga husafiri sentimita 30 katika nanosekunde moja, yaani sekunde moja ikigawanywa mara milioni elfu. Ishara ndani ya kebo ya mtandao husafiri karibu sentimita 20 kwa muda huo, na juu ya bodi ya saketi karibu sentimita 15.

Katika mtandao wa megabiti 100, ambao kanuni yake ilitolewa mwaka 1995, kila alama hudumu nanosekunde 8. Kwa hiyo alama moja ina urefu wa zaidi ya mita moja na nusu ndani ya kebo. Kosa la sentimita mbili juu ya bodi ni kama kokoto chini ya gurudumu la lori: mwangwi wa mwanzo wake na mwangwi wa mwisho wake karibu huuana. Lakini katika mtandao wa gigabiti 10, uliokubaliwa mwaka 2006, alama moja hudumu nanosekunde moja na robo, nayo ina urefu wa sentimita 25 tu. Gurudumu limekuwa dogo, na kokoto ile ile sasa ni jiwe.

Hata mtandao wa gigabiti moja una ugumu wake. Humo kila jozi hupeleka na kupokea kwa wakati mmoja, kama watu wawili wanaosema pamoja na kusikilizana. Chipu inapaswa kuusikia ujumbe dhaifu wa mwenzake aliye mbali mita 100, huku mwangwi wa sauti yake mwenyewe ukiirudia kwa nguvu. Ili kuweza, huujifunza mwangwi huo na kuutoa katika hesabu. Lakini uwezo wake una mpaka. Maungio mabaya yakizidi, ujumbe huharibika, pakiti hutupwa, na kompyuta hulazimika kuurudia tena na tena. Mtumiaji huona jambo moja tu: mtandao mzito.

MAHALI PANAPOHARIBIKA

Makosa mengi hayafanywi kiwandani. Hufanywa na mikono, wakati wa kufunga plagi. Lililo baya kuliko yote ni lile lisiloonekana na kipimo cha taa. Fundi asiyefundishwa hupanga nyaya nane kwa jozi zinazofuatana: ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, ya tano na ya sita, ya saba na ya nane. Hufanya hivyo hivyo upande wa pili. Taa zote za kipimo huwaka kijani, naye hulipwa akaenda zake. Lakini mtandao hutaka waya wa tatu na wa sita wawe jozi moja. Katika kazi yake, waya hizo mbili zimetoka katika jozi tofauti, hazikusokotwa pamoja, na impidansi yake si ile iliyokusudiwa. Kebo fupi huenda ikafanya kazi. Ya mita 60 itasumbua kila siku.

Makosa mengine ni haya. Kufungua msokoto kupita kiasi kwenye plagi, ilhali kanuni hairuhusu kuzidi milimita 13. Kukunja kebo kwa pembe kali kwenye kona ya ukuta. Kuipigilia msumari wa kichwa unaoibana. Kuunga kebo iliyokatika kwa kuviringisha nyaya na kufunga utepe. Hali kadhalika nyumbani: kuigawa kebo ya televisheni kwa jirani au chumba cha pili kwa kuviringisha nyaya badala ya kutumia kigawanyi chenye omu 75 kila upande. Kebo mbili za omu 75 zikiungwa pamoja kwa namna hiyo huwa kama omu 37 na nusu mbele ya ile ya kwanza, na theluthi ya volti hurudi.

MWANGWI ULIOFANYWA MTUMISHI

Adui huyo, hata hivyo, ameweza kutiwa kazini. Kuna kifaa ambacho hupeleka pigo moja fupi ndani ya kebo, kisha husikiliza. Mwangwi ukirudi baada ya nanosekunde 300, pigo limesafiri mita 60 kwenda na kurudi. Basi kosa lipo mita 30 kutoka aliposimama fundi. Mwangwi ukirudi ukiwa wima, waya umekatika. Ukirudi kichwa chini, nyaya zimegusana. Fundi hachimbi ua zima wala habomoi dari yote. Huenda moja kwa moja mahali penye kosa. Siku hizi kipimo cha namna hiyo kimo hata ndani ya vifaa vingi vya mtandao, kikingoja tu mtu wa kukiuliza.

Kwa hiyo, mtandao wa ofisi unapokuwa mzito au redio inaposikika vibaya, hatua ya kwanza isiwe kumlaumu aliye zamu wala kuandika barua ya kuomba mashine mpya. Isomwe namba iliyo juu ya ganda la kebo. Zifunguliwe plagi na kutazamwa rangi zake. Itafutwe kona iliyokunjwa na mahali palipobanwa. Gharama ya plagi mpya ni ndogo kuliko ya kompyuta. Na katika kituo kilicho mbali, usiku, pale mtu mmoja anapoita na mwingine anapongoja kusikia, fundo moja lililofungwa vibaya laweza kuwa ndilo lililosimama kati yao.